Usingizi na Uzani: Funga Jikoni Mapema

Ukikesha mbele ya runinga au simu, njaa ya saa tano usiku si ajabu. Mwili usiolala vya kutosha huongeza grelini, homoni ya njaa, na kupunguza leptini, inayoashiria shibe. Ndipo mkono unapotafuta smokie, mandazi au chipsi.

Mwaka wa 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu watu 80 wenye uzani uliozidi, waliozoea kulala chini ya saa sita na nusu. Waliosaidiwa kuongeza usingizi kwa zaidi ya saa moja walipunguza ulaji kwa takriban kalori 270 kwa siku, bila kuagizwa kujinyima chakula.

Zingatia haya:

- Lala angalau saa 7, na uamke wakati ule ule kila siku.
- Kula chajio saa mbili au tatu kabla ya kulala. Ugali wa kiasi, sukuma wiki kwa wingi na ndengu au maharagwe hushibisha kwa muda mrefu.
- Epuka kahawa na chai kali jioni.
- Kunywa maji badala ya soda. Chupa ya mililita 500 yaweza kuwa na zaidi ya vijiko 10 vya sukari.
- Njaa ikikulemea, kula tunda moja.

Ukiwa na kisukari, usiruke mlo bila ushauri wa daktari. Ukikoroma sana na kuamka ukiwa mchovu, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.