SUMAKU ZA MTAMBO WA UPEPO: ZIFUNGWE ZISIRUKE

Huenda shamba lako liko Kinangop au mahali pengine penye upepo mwingi, nawe unafikiria kumwagiza fundi wa jua kali akutengenezee mtambo mdogo wa upepo wa kuchaji betri. Kazi hiyo yawezekana hapa Kenya, hata katika karakana ndogo za Kware, kule Embakasi, Nairobi. Fundi wa Kware ni hodari wa mageti na madirisha. Lakini geti likishachomelewa hukaa mahali pake, na sumaku ya mtambo huzunguka mara mia kadhaa kwa dakika, na muda wote huo hutaka kuruka nje. Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, yakupasa ujue zinafungwa namna gani.

Mtambo wenyewe ni hivi. Mabawa ya mbao huzungusha sahani mbili za chuma zilizofungwa kwenye habu ya gurudumu la gari. Juu ya kila sahani hupangwa sumaku, mara nyingi 12, moja ikionyesha ncha yake ya kaskazini, ya pili kusini, kwa zamu mpaka duara litimie. Katikati ya sahani hizo mbili hukaa koili za waya wa shaba ambazo hazizunguki. Sumaku zikipita mbele ya koili, umeme hutokea. Mtindo huu ulienezwa sana na miongozo ya Hugh Piggott wa Scoraig, Scotland. Usiuchanganye na pampu za Kijito zilizoanza kutengenezwa Thika katika miaka ya 1970. Hizo huvuta maji kwa fito na pistoni, wala hazihitaji sumaku.

Sumaku zinazotumika si zile nyeusi za spika za redio. Ni za neodimiamu, chuma na boroni, namna iliyotangazwa na wataalamu wa Japani na wa Marekani mwaka 1983. Nguvu zake ni nyingi kupita ukubwa wake. Lakini ni ngumu na huvunjika kama kigae, na hushika kutu upesi zikipoteza ngozi yake ya nikeli.

Sasa tupige hesabu. Chukua sumaku yenye urefu wa milimita 46, upana 30 na unene 10. Uzito wake ni kama gramu 100. Iweke sentimita 12 na nusu kutoka katikati ya sahani. Sahani ikizunguka mara 400 kwa dakika, sumaku hiyo huvutwa kwenda nje kama kwamba imening'inizwa mzigo wa kilo 2 na robo. Ikizunguka mara 800, mzigo si kilo 4 na nusu, bali kilo 9. Ikifika mara 1,200, ni kilo 20. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mvuto huongezeka mara nne, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika, maana mtambo uliotulia miezi mingi waweza kuharibika usiku mmoja. Waya wa betri ukikatika wakati wa upepo mkali, mabawa hayana tena kazi ya kuyazuia, nayo hukimbia ovyo.

Fundi atakuambia, "Sumaku imeng'ang'ania chuma, huwezi kuitoa kwa mkono." Ni kweli, lakini inang'ang'ania kuelekea sahani. Kuteleza kwenda pembeni ni jambo jingine kabisa, maana nikeli ni laini, na kinachozuia ni msuguano tu. Sumaku moja ikitoka, hukwama kati ya sahani na koili, huchana waya wa shaba, na mtambo mzima umekwisha.

Gundi ya epoksi ni nzuri, nasi hatuikatazi. Kabla ya kuipaka, sahani isuguliwe kwa msasa na kufutwa mafuta yote kwa thina. Lakini gundi isiachwe kufanya kazi peke yake, kwa maana jua, baridi ya usiku na mtikisiko huichosha. Kazi iliyo salama ni kumimina rezini kuzunguka sumaku zote, ikiwa na kitambaa cha nyuzi za kioo ndani yake, kisha kuzungushia ukingo wa nje mkanda wa chuma kisichoshika kutu. Hapo sumaku ikitaka kutoka hukuta ukuta. Mkanda wa chuma cha kawaida haufai: hunywa sehemu ya nguvu za sumaku, tena hula kutu. Rezini nayo ifunike sumaku pande zote. Maji yakiingia, sumaku huvimba kwa kutu na kuipasua rezini kutoka ndani.

Fundi asiyezijua sumaku hizi huenda akataka kuzitoboa ili azitie bolti. Mkataze kabisa. Zitapasuka, na unga wake huweza kushika moto. Vilevile asichomelee kitu chochote kwenye sahani baada ya sumaku kuwekwa, kwa kuwa sumaku za kawaida za namna hii huanza kupoteza nguvu zikipita joto la digrii 80. Uchomeleaji wote umalizike kwanza.

Karakana yenye grainda ina hatari nyingine, nayo ni vumbi la chuma. Litaganda juu ya sumaku kama manyoya, wala halitoki kwa kitambaa. Kazi ya sumaku ifanywe mbali na grainda, juu ya meza ya mbao, na kila moja iingizwe katika kiolezo cha plaiwudi ili zikae kwa nafasi sawa. Zishikwe moja moja. Mbili zikikutana zaweza kuponda kidole, na sahani mbili zikikutana zaweza kuvunja mkono. Kwa hiyo sahani ya pili ishushwe polepole kwa bolti ndefu tatu, isiwekwe kwa mikono. Watoto wasikaribie, na mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani akae mbali.

Ukienda kuchukua mtambo wako, zungusha sahani kwa mkono uangalie kama kuna sumaku iliyoinuka kuliko wenzake. Kisha mwombe fundi auzungushe kwa mashine, kwa mwendo uliozidi ule wa kawaida, nyuma ya mbao nene, na watu wote wasimame mbele au nyuma ya sahani, kamwe wasiwe usawa wa ukingo wake. Uliza pia swichi ya breki iko wapi, ile inayounganisha nyaya tatu za mtambo pamoja ili mabawa yapunguze mwendo. Kama hakuiweka, mwambie aiweke kabla mlingoti haujasimamishwa, na uitumie kila mara unapotaka kufungua waya wa betri.