Kiwavijeshi vamizi: kemikali za ubongo zinavyoamua utagaji wa mayai

Mkulima anapoona majani ya mahindi yametobolewa na kinyesi kama unga wa mbao kimejaa juu ya mmea, mara nyingi amechelewa. Kiwavi akishajificha katikati ya majani machanga, dawa haimfikii kwa urahisi. Nafasi nzuri ya kumzuia hupatikana mapema zaidi, mama yake anapotafuta pa kutaga.

Kiwavijeshi vamizi, ambaye asili yake ni bara la Amerika, alithibitishwa kuwa nchini Kenya mwaka 2017. Nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani, kwa mafungu ya kati ya 100 na 200. Kukiwa na joto, mayai huanguliwa kwa takribani siku 3.

Ubongo hutoa amri

Usiku, ubongo wa nondo jike hutoa homoni inayochochea tezi iliyo ncha ya tumbo kutengeneza harufu ya kumwita dume. Baada ya kujamiiana, mwili hupokea ishara mpya: mwito hupungua na utagaji huanza.

Kemikali nyingine muhimu kwa wadudu ni oktopamini, ambayo jina lake limetokana na pweza, kwa kuwa iligunduliwa kwanza kwenye tezi za mate za mnyama huyo. Oktopamini husaidia yai kutoka kwenye ovari na kupita katika mirija ya uzazi. Watafiti walipochunguza vijinzi vya matunda visivyoweza kuitengeneza, waliona majike yamejaa mayai yaliyokomaa lakini hayatagi.

Wafugaji wanaijua njia hii bila kuijua kwa jina. Amitrazi, dawa ya kuogeshea ng'ombe, hushambulia vipokezi vya oktopamini vya kupe. Kupe huachia ngozi, na utagaji wake huvurugika. Hata hivyo, dawa ya mifugo isinyunyiziwe mimea.

Mkulima afanye nini?

1. Akague shamba angalau mara 2 kwa wiki, kuanzia mahindi yanapochipuka. Mayai hukaa kwa mafungu juu au chini ya majani, yakiwa yamefunikwa na manyoya kama ukungu. Ayaponde kwa vidole.

2. Atumie mtego wenye harufu ya kuiga ile ya jike. Mtego hunasa madume tu, kwa hiyo kazi yake kuu ni kuonyesha kwamba nondo wamefika na ukaguzi uongezwe.

3. Apande desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na nyasi za brakiaria kuzunguka shamba. Jike huchagua pa kutaga kwa kunusa: desmodiamu humfukuza, brakiaria humvuta nje. Mbinu hii ya sukuma-vuta ilibuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pamoja na washirika wake. Mimea yote miwili ni lishe ya mifugo.

4. Dawa ikihitajika, inyunyiziwe viwavi wakiwa wadogo, asubuhi mapema au jioni, kwa kufuata maelekezo ya kibandiko na kuvaa mavazi ya kujikinga.

Fungu moja la mayai likipondwa leo, viwavi zaidi ya 100 hawatazaliwa. Wakazi wanaohitaji kusaidiwa kutambua mayai hayo wamwone afisa wa kilimo wa wadi yao.