SOMO LA NDOA: MARTIN LUTHER NA KATHARINA

Mwezi huu tunasema na wale waliooana huku kila mmoja akiwa na matazamio yake juu ya upendo. Tunawajua, maana wengine wetu ndio wenyewe. Mume asema upendo ni kutiiwa; mke asema upendo ni kusikilizwa. Kisha siku ya mgao ikifika, unga unaleta vita: mume ataka kumpa mgeni, mke ahesabu siku zilizobaki.

Tuangalie ndoa moja ya zamani. Katharina von Bora alikuwa mtawa huko Ujerumani. Usiku wa Pasaka mwaka 1523 alitoroka pamoja na wenzake 11, wakisaidiwa na mfanyabiashara mwenye gari la farasi, akafika Wittenberg hana kitu. Alimpenda kijana mmoja, lakini ndoa haikufanyika. Wakamletea mchungaji mmoja mtu mzima, akakataa katakata. Akasema waziwazi kwamba atakubali kuolewa na Luther mwenyewe au na rafiki yake Amsdorf. Mkimbizi asiye na mali, naye anachagua!

Luther naye alikuwa mgumu. Alimwona binti huyu ana majivuno. Mwaka 1524 aliandika kwamba hafikirii kuoa, kwa kuwa alitazamia kuuawa wakati wowote. Walifunga ndoa tarehe 13 Juni 1525, yeye akiwa na miaka 41 na Katharina 26. Siku chache baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba hana moto wa mapenzi, ila anamthamini mke wake. Hayo si maneno ya kumfurahisha bibi arusi.

Mali nayo iliwapa kazi. Luther hakutaka malipo ya vitabu vyake, na alichokuwa nacho alikigawa. Katharina alilima, akafuga nguruwe, akatengeneza pombe (hapa wengine wetu tutakohoa), akapangisha vyumba kwa wanafunzi. Bila yeye nyumba ile ingelala njaa. Luther alimtania akimwita "Bwana Käthe", lakini shughuli za nyumba alimwachia. Mwaka 1535 alimwahidi gulden 50 akimaliza kusoma Biblia nzima kabla ya Pasaka. Alikwisha kujua kwamba mke huyu haendi kwa amri tu.

Mwaka 1542 walimzika binti yao Magdalena, mwenye miaka 13. Mwaka huo pia Luther aliandika wosia, akimwachia Katharina mali na watoto, ingawa sheria ya pale ilitaka mjane awekewe wasimamizi wanaume. Ndiye yule aliyesema hana moto.

Luther alifariki mwaka 1546, na vita vikamkimbiza Katharina na watoto. Mwaka 1552 alikimbia tena, safari hii tauni, akaumia njiani alipoanguka kutoka kwenye gari, akafia Torgau.

Jioni hii, watoto wakilala, someni pamoja Waefeso 5:21-33. Kisha kila mmoja amweleze mwenzake: siku ya harusi nilitazamia nini kwako? Mume aanze. Mke asimkatize, na zamu ya mke ikifika, mume naye anyamaze.