SOMO LA WANACHAMA: Kuujua Ugonjwa wa Mti Kabla Jani Halijageuka Manjano



Kila mwenye shamba la mikarafuu anakijua kifo cha ghafla. Mti mkubwa uliozaa vyema msimu uliopita huanza kupukutisha majani, yaliyobaki hugeuka manjano kisha kahawia, na pengine katika wiki chache umekwisha. Wataalamu wawili, Nutman na Roberts, walioyachunguza maradhi haya Unguja na Pemba, walieleza katika miaka ya 1950 kuwa huletwa na kuvu aitwaye Valsa eugeniae, na kwamba huanzia mizizini. Neno hili ndilo la kushika. Mizizi midogo inayounywesha mti hufa kwanza, na jani huwa la mwisho kupata habari. Anayengoja manjano amekwisha kuchelewa, na mche atakaoupanda badala yake utamweka miaka 6 au zaidi kabla ya kumpa karafuu.

Siku hizi twasikia kuwa ugonjwa wa miti waweza kutambuliwa kutoka juu, kwa kamera za ndege au za setelaiti, kabla ya jicho kuuona. Katika somo hili tutaeleza jambo hilo hufanyikaje, na lina faida gani kwetu.

1. Jani na mwanga

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Jani zima hula sehemu kubwa ya wekundu na ya buluu, kwani hiyo ndiyo kazi ya ile chembe ya kijani iitwayo klorofili. Kijani hurudishwa kidogo, ndiyo maana twaliona jani kuwa la kijani.

Lakini upo mwanga mwingine uliopita wekundu, ambao macho yetu hayauoni. Huitwa infraredi ya karibu. Jani zima haliuli huo. Huurudisha kwa wingi kutokana na jinsi nyama yake ya ndani ilivyojengeka. Jani likiugua, klorofili hupungua na wekundu mwingi zaidi hurudi; nyama ya ndani ikiharibika, infraredi inayorudi hupungua. Mabadiliko haya yaweza kuanza mapema, na kamera yenye jicho la infraredi huyaona.

Jambo la tatu ni joto. Jani hujipoza kwa kutoa maji kupitia vitundu vyake vidogo. Mizizi isipoleta maji, vitundu hufungwa na jani hupata joto. Kamera ya joto huuona mti huo tofauti na jirani zake, hata kama ungali kijani.

2. Hesabu yake

Wataalamu huchukua infraredi iliyorudi, hutoa wekundu uliorudi, kisha hugawanya kwa jumla ya zote mbili. Tuseme mti mzima umerudisha infraredi 50 na wekundu 5 katika kila 100. Hamsini kutoa 5 ni 45. 45 kugawa kwa 55 ni 0.82. Tuseme mti mgonjwa umerudisha infraredi 35 na wekundu 15. Ishirini kugawa kwa 50 ni 0.40. Mti ambao hesabu yake yashuka mwezi hata mwezi, hali jirani zake wamesimama pale pale, ni mti wa kwenda kutazamwa.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1956 Robert Colwell wa California alionyesha kuwa magonjwa ya nafaka yaweza kutambuliwa kwa picha za filamu ya infraredi zilizopigwa kutoka ndegeni. Na mwaka 2018 wataalamu walitangaza kuwa huko Italia ya kusini, ambako mizaituni mingi imeangamizwa na bakteria Xylella, kamera za ndege za rangi nyingi na za joto ziliitambua miti iliyoambukizwa kabla ya dalili kuonekana kwa macho, na zilipatia zaidi ya mara 80 katika 100. Mzaituni, kama mkarafuu, ni mti wa kudumu ambao mtu humrithisha mwanawe.

3. Tuanze na mahali pepesi: Manyoni

Ili tufahamu vyema, kwanza tutazame mahali ambapo kazi hii ingekuwa rahisi. Manyoni ni wilaya ya Mkoa wa Singida, kwenye reli ya kati baina ya Dodoma na Tabora. Huko Masigati wakulima wamepanda mikorosho katika mashamba makubwa ya pamoja. Miti ni ya aina moja, iko kwenye mistari, na mikorosho hupandwa kwa kawaida mita 12 kwa 12. Mvua ni ya msimu mmoja, na kiangazi ni kirefu chenye mbingu safi.

Sasa, setelaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupita kila baada ya siku chache, na picha zake hutolewa bure. Kila kijisanduku cha picha ni mita 10 kwa 10 ardhini, yaani karibu sawa na nafasi ya mkorosho mmoja. Katika shamba kama la Manyoni, kundi la miti linalodhoofika laweza kuonekana. Hata hivyo, miti ikiwa midogo, kijisanduku hujaa udongo mtupu, na hesabu hushuka bila ya ugonjwa wowote. Tena picha haisemi kama ni ubwiriunga, ukame au mchwa. Lazima mtu aende.

4. Shambani kwetu visiwani

Kwetu mambo ni mazito zaidi. Mikarafuu yetu imechanganyika na migomba, minazi na mishelisheli, na kijisanduku kimoja hukusanya yote. Mawingu ya masika huziba mbingu. Na mkarafuu una jambo lake: majani machanga hutoka mekundu, na asiyeujua mti huu aweza kuyadhania kuwa ni maradhi.

Kwa hivyo chombo kinachotufaa zaidi ni ndege nyuki, iendayo chini na kuona mti mmoja mmoja. Hili si ndoto, kwani kuanzia mwaka 2016 ndege hizo zilitumika kupiga picha za ramani za Unguja na Pemba. Urushaji huhitaji kibali, na gharama yake ni ya kubebwa na kikundi, si na mtu mmoja.

5. La kufanya sasa

Kamera humwambia mkulima pa kwenda kwanza. Ugonjwa wenyewe huthibitishwa na jembe na mkono. Nayo haifai kitu bila ya kumbukumbu za shambani, ambazo kila mwanachama aweza kuzianza leo bila ya senti moja.

(a) Ipe mikarafuu yako namba na uichore kwenye karatasi.
(b) Kila mti ukifa, andika tarehe na namba yake. Kifo cha ghafla hupenda kuwaendea jirani, na ramani itakuonyesha kinakoelekea.
(c) Tazama kila mwezi vilele vya miti inayouzunguka mti uliokufa. Ukiona majani yamepungua, fukua kidogo uitazame mizizi midogo, kisha mwite bwana shamba.
(d) Wakati wa kuchuma, msivunje matawi. Ugonjwa wa kukausha matawi, ambao ni mwingine, huingilia kwenye majeraha hayo.
(e) Andika pia majani mapya mekundu yanapotoka.

Siku kamera itakapokuja, shamba lenye ramani hii litafaidika siku hiyo hiyo. Lisilo nayo litapata picha nzuri ya kutundika ukutani.

Katibu wa Chama