Baridi Itokanayo na Jua

Kijitabu cha elimu kwa wavuvi, wafugaji, wakulima wa mboga na wenye majengo

Kwa nini kijitabu hiki

Samaki aliyevuliwa alfajiri akakosa barafu huanza kuharibika kabla ya adhuhuri. Maziwa yaliyokamuliwa asubuhi yanatakiwa kushuka hadi nyuzi 4 za Selsiasi ndani ya saa mbili hivi, la sivyo huchacha na kituo cha ukusanyaji huyakataa. Mchicha nao hunyauka ukiwa bado gengeni.

Jua linaloharibu mali hii linaweza pia kuipoza. Likiwaka sawasawa wakati wa adhuhuri, kila mita moja ya mraba hupokea takriban wati 1,000. Wauzaji wa mitambo ya sola ni wengi, na kila mmoja husifu bidhaa yake. Kijitabu hiki kinaeleza jinsi jua linavyotoa baridi, njia ipi inafaa kazi ipi, na mambo ya kuuliza kabla hujatoa fedha.

Friji huhamisha joto

Friji huondoa joto ndani ya sanduku na kulitupa nje. Mtungi wa maji hufanya hivyo bila umeme. Maji hupenya kwenye udongo, hukauka juu ya uso wake, na mvuke huondoka na joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua takriban kilojuli 2,400, joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji yaliyokuwa na nyuzi 25.

Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliitumia kanuni hii kuhifadhi mboga. Alitumbukiza chungu kimoja ndani ya kingine na kujaza mchanga uliolowa katikati. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo.

Njia hii hutegemea ukavu wa hewa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 35, kama ile ya Dodoma wakati wa kiangazi, inaweza kupozwa kwa maji hadi karibu nyuzi 19. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya Tanga au Mombasa siku za fukuto, huishia nyuzi 27. Mkulima wa bara atanufaika na kibanda cha kupoza mboga kwa maji. Mvuvi wa pwani atapoteza fedha zake.

Moto unaogandisha

Wazee wengi wanazikumbuka friji za mafuta ya taa zilizohifadhi chanjo katika zahanati. Utambi uliwaka chini, na juu mlikuwa na baridi. Ndani yake mlikuwa na amonia na maji. Moto huitoa amonia kwenye maji ikiwa mvuke. Mvuke hupoa na kuwa kimiminika, kisha kimiminika hicho hufuka tena ndani ya kabati na kuondoa joto. Mwishowe amonia hufyonzwa na maji, na mzunguko huanza upya. Muundo wa friji hii isiyo na kompresa, yaani pampu ya kukandamiza gesi, ulibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters.

Friji ya namna hii haijali joto limetoka wapi. Mwaka 1878, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Augustin Mouchot alikusanya mwanga wa jua kwa kioo kikubwa, akaendesha mashine ya amonia na kutoa bonge la barafu mbele ya watazamaji.

Friji ya mkaa

Watafiti wamejaribu pia friji isiyo na kifaa chochote kinachozunguka. Mkaa maalumu wenye vitundu vidogo sana, ambao unaweza kutengenezwa kwa vifuu vya nazi, hujazwa kwenye sanduku jeusi lenye kioo juu. Bomba huliunganisha na kisanduku cha barafu kilicho chini, na hewa yote hutolewa ndani.

Usiku mkaa hupoa na kuanza kuvuta mvuke wa methanoli, aina ya spiriti iliyowekwa kwenye kisanduku hicho. Methanoli iliyo chini hufuka kwa kasi, huondoa joto kwenye maji yaliyo pembeni yake, na maji huganda. Mchana jua huupasha mkaa, nao huitema methanoli. Mvuke hupoa kwenye mabomba yaliyo kivulini na kudondoka tena chini, tayari kwa usiku unaofuata.

Siku ya jua kali, majaribio hutoa takriban kilo 4 hadi 6 za barafu kwa kila mita ya mraba. Pima hesabu hiyo na kazi yako. Katika joto letu samaki huhitaji barafu karibu sawa na uzito wao, hivyo kilo 100 za samaki zitahitaji mtambo wa mita za mraba 17 hadi 25. Siku ya mawingu mavuno hushuka.

Majengo makubwa

Hoteli na hospitali huweza kutumia mashine ya maji na chumvi iitwayo lithiamu bromidi. Shinikizo la ndani hushushwa mno, kiasi kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 5 hadi 7 na kupoza mabomba ya kiyoyozi. Chumvi huufyonza mvuke huo, na maji moto ya nyuzi 75 hadi 95 kutoka juu ya paa huikausha ili ifyonze tena. Mashine hii haishuki chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo haitoi barafu.

Huko Singapore, kwenye joto na unyevu kama wa pwani yetu, shule ya kimataifa ya United World College ilifunga mtambo wa aina hii wenye zaidi ya mita za mraba 3,800 za kukusanya joto. Unapoza majengo na kupasha maji ya matumizi.

Paneli au joto la jua?

Chukua sehemu 100 za nguvu za jua. Paneli ya kisasa hugeuza karibu 20 kuwa umeme, na kompresa nzuri ya kiyoyozi hutumia umeme huo kuondoa sehemu 60 za joto. Mabomba ya maji moto hukusanya karibu 50, na mashine ya lithiamu bromidi huzigeuza kuwa 35 za baridi. Friji ya mkaa hutoa karibu 10.

Kwa friji ya zahanati, friza ya duka au tangi dogo la maziwa, paneli na kompresa ndizo chaguo la leo. Joto la jua lina nafasi pale mahitaji ya baridi ni makubwa na jengo linahitaji maji moto pia: hospitali yenye chumba cha kufulia, hoteli, kiwanda cha maziwa. Isitoshe, mashine hizi hutumia maji au amonia, visivyo na madhara ya gesi nyingi za friji. Kilo moja ya R-134a, mojawapo ya gesi hizo, hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016, yaitwayo Marekebisho ya Kigali, yanazitaka nchi kupunguza gesi za jamii hiyo.

Joto linatupwa wapi?

Wauzaji wengi hulipita swali hili. Kwa kila uniti moja ya baridi, mashine ya lithiamu bromidi hutupa nje karibu uniti 2.4 za joto, na ya kompresa karibu 1.3. Kwa hiyo mashine ya lithiamu bromidi inahitaji mnara mkubwa wa kupozea na maji ya kuongeza kila siku. Penye shida ya maji, mtambo utasimama hata jua likiwaka.

Chagua kwa kazi

- Dagaa wa kuanikwa: kichanja au kikaushio cha jua. Hawahitaji baridi.
- Mboga na matunda, sehemu kavu: kibanda cha kupoza kwa maji.
- Samaki wabichi: barafu ya mashine yenye paneli, na deli lenye kuta nene.
- Maziwa: tangi la kupoza lenye paneli na akiba ya barafu.
- Chanjo: friji ya sola iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, inayodumu kati ya nyuzi 2 na 8. Usitumie friji ya nyumbani, kwani baadhi ya chanjo huharibika zikiganda.
- Nyumba na ofisi: anza na kivuli, paa jeupe na dari. Kila joto usiloliruhusu kuingia ni mashine usiyoinunua.

Usalama

Amonia huwasha macho na mapafu. Ukisikia harufu yake kali, toka nje upande upepo unakotokea na umwite fundi. Methanoli ni sumu inayopofusha. Isiwekwe kamwe kwenye chupa za vinywaji. Usifungue mtambo uliofungwa, hata kama umezimika.

Uliza kabla ya kulipa

1. Mtambo utatoa kilo ngapi za barafu, au utapoza lita ngapi, siku ya mawingu?
2. Utahifadhi baridi kwa saa ngapi baada ya magharibi?
3. Unatumia maji kiasi gani kwa siku?
4. Umewahi kupimwa kwenye joto na unyevu kama wa hapa?
5. Fundi wa karibu yuko wapi, na vipuri vinatoka wapi?
6. Ni gesi gani iliyomo?

Taka majibu kwa maandishi, na yaambatanishwe na mkataba. Muuzaji asiyeweza kujibu swali la kwanza kwa tarakimu bado hajaupima mtambo wake, nawe usikubali mali yako iwe majaribio yake.