Wawili juu ya Pikipiki, Dar hadi Mbeya: Maswali ya Wastaafu

Wastaafu wanaotaka kusherehekea kwa safari ya pikipiki wameniandikia kwa wingi, na wengi wanaelekea njia ile ile: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, na wenye muda wanamalizia Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Kazi yangu ni kufundisha udereva wa pikipiki na kuzitengeneza, kwa hiyo nimechagua maswali yanayonikosesha usingizi. Ya nyumba za wageni na ya mahali pa kula nimeyaacha. Hayo mtaulizana njiani.

Nina miaka 60, mke wangu 57. Watoto wanasema tumezeeka mno kwa safari hii. Ni kweli?

Hapana. Pimeni macho, kisha pangeni safari.

Ni kweli kwamba breki ya mbele inarusha watu? (Kibaha, Tabata, Mbalizi na wengine wengi)

Nimeziunganisha barua zenu kwa sababu zote zinasema jambo moja: kijana wa kijiweni au fundi amewaambia breki ya mbele msiiguse. Mzee wa Kibaha anaandika kwamba fundi wake ameilegeza kabisa waya wake "kwa usalama". Mzee wangu, ipeleke leo kwa fundi mwingine. Pikipiki hiyo haina breki.

Sikilizeni kinachotokea. Unapopunguza mwendo kwa nguvu, uzito wa chombo na wa watu wawili unakimbilia mbele. Shokapu za mbele zinabonyea, tairi ya mbele inagandamizwa chini na kuishika lami zaidi. Wakati huo huo tairi ya nyuma inapungukiwa uzito, na ukiibana sana inaacha kuzunguka, inaburuzika, chombo kinayumba. Ndiyo maana kwenye lami kavu sehemu kubwa ya kazi ya kusimama, kiasi cha asilimia 70 hivi, hufanywa na gurudumu la mbele. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukizitumia vizuri breki zote mbili, utasimama ndani ya mita 20 hivi tangu ulipozibana. Kwa ya nyuma peke yake utahitaji karibu mara mbili ya hizo. Katika mita hizo za ziada ndipo alipo ng'ombe, au mtoto, au tela la lori lililoharibika bila hata tawi la mti kumwonya anayekuja.

Wanaoangushwa na breki ya mbele wapo, na sababu zao zinajulikana. Wengine wanaikwapua: mkono unafunga ghafla kabla uzito haujafika mbele. Wengine wanaibana mahali pasipofaa, kwenye mchanga, kokoto, oili iliyomwagika, au katikati ya kona usukani ukiwa umekunjwa. Sehemu hizo punguza mwendo kabla hujaingia, na tegemea zaidi ya nyuma. Mkiwa wawili, uzito wa mwenzako unaisaidia tairi ya nyuma kushika kuliko ukiwa peke yako, kwa hiyo ikanyage kwa uhakika. Hata hivyo ya mbele bado ndiyo inayoongoza.

Tafuta kipande cha lami kisicho na magari, asubuhi ya Jumapili. Anza na kilomita 20 kwa saa, vidole viwili, kamua mkono wa breki kama unavyokamua chungwa: taratibu, kisha kwa nguvu. Ukizoea panda hadi 40, halafu 60. Kisha mpandishe mwenzako na mrudie yote tangu mwanzo, maana pikipiki yenye watu wawili inasimama kwa tabia nyingine. Asiyekuwa tayari kutoa asubuhi chache kwa zoezi hili asimpakie mtu kwenda Mbeya.

Mume wangu anasema kazi yangu ni kukaa tu. Nyonga zinaniuma, nina hofu, na nimezoea kukaa upande. Nifanyeje? (akina mama watano, na baba mmoja anayemuulizia mkewe)

Mama, aliyekuambia kazi yako ni kukaa tu hajui anachokibeba. Mtu wa nyuma akiegemea kinyume cha kona, chombo kinakataa kukunja. Akishtuka na kumsukuma dereva mabegani wakati wa breki, mikono ya dereva inakazana na usukani unayumba. Wewe ni dereva wa pili, na mazoezi niliyoyataja hapo juu ni yako pia.

Kukaa upande acha kabisa. Uzito wako wote unaning'inia upande mmoja na magoti yako hayana cha kubana. Vaa suruali ngumu, na juu yake gauni fupi ukipenda. Khanga na kitenge vikae ndani ya begi: pindo likinaswa na cheni au spoku, linakuvuta chini kabla dereva hajasikia kelele yako. Miguu iwe juu ya vikanyagio wakati wote, hata mnaposimama. Bana nyonga za dereva kwa magoti, na kwenye breki kubwa weka viganja juu ya tangi, ujizuie hapo badala ya mgongoni kwake. Kwenye kona angalia juu ya bega lake la upande mnaokunjia. Mwili utafuata wenyewe.

Nyonga zinauma kwa sababu kiti kile kilitengenezwa kwa safari ya dakika kumi. Fundi viti anaweza kukijaza sponji ngumu na kukipanua kwa siku moja. Kisha shukeni kila baada ya saa moja mtembee. Nanyi akina baba: mkeo akigonga bega mara mbili, simama. Usimuulize kwanza kama anaweza kuvumilia hadi mji unaofuata.

Nichukue fedha za mkupuo ninunue pikipiki kubwa ya kitalii?

Usiguse mkupuo. Pikipiki ya sisi 150 iliyo nzima itawafikisha, kwa mwendo wa 60 hadi 70. Soma kwenye kitabu chake uzito inaoruhusiwa kubeba, kisha jipimeni nyote wawili pamoja na mabegi.

Kwenye mteremko wa Kitonga niweke nyutro niokoe mafuta?

Swali hili linanikasirisha kila linaporudi, kwa sababu wanaolijibu "ndiyo" hawapo hospitali kuwaona wanaoletwa. Mkienda Mbeya mtapanda Kitonga. Mkirudi mtaishuka, na malori nyuma yenu. Ukiwa ndani ya gia ndogo, injini yenyewe inazuia chombo kukimbia. Ukiweka nyutro, kazi yote inabaki kwa breki, ambazo hupata moto hadi zinaacha kushika. Na mafuta hayo unayoyaokoa ni kidogo mno, maana injini bado inawaka na kunywa. Kwenye pikipiki za kisasa zisizo na kabureta, ukiachia mafuta ukiwa ndani ya gia kompyuta yake hukata mafuta kabisa, kwa hiyo nyutro ndiyo inayokula zaidi.

Gia ya pili au ya tatu tangu juu. Usisubiri kona ya kwanza.

Mafinga na Makambako ni baridi. Tuweke boksi kifuani tusipate nimonia, na tunywe maziwa kutoa vumbi?

Nimonia inaletwa na vijidudu. Upepo haubebi nimonia kuiingiza kifuani kupitia shati, na maziwa huenda tumboni, hayapiti mapafuni kufagia vumbi lolote. Yanyweni kwa kuwa ni chakula.

Baridi yenyewe ni hatari kwa njia nyingine. Miji hiyo iko juu ya mita 1,500, na asubuhi ya Juni au Julai vidole hufa ganzi. Vidole vilivyokufa ganzi vinachelewa kufika kwenye breki, na mwili unaotetemeka unachoka upesi. Nunueni glovu zinazoziba upepo, koti lisilopitisha hewa, na sweta ndani. Ondokeni jua likishapanda. Kikohozi chenye homa na kushindwa kupumua ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Asiwauzieni mtu chupa isiyo na lebo stendi.

Dawa ya presha inanikojoza sana. Naweza kuiacha siku za safari?

Usiiache. Narudia kwa kila aliyeuliza, na mlikuwa zaidi ya mmoja: kusimama kichakani hakumuui mtu, presha iliyopanda katikati ya Kitonga inaweza kuwaua wawili. Kamuoneni daktari wenu kabla ya safari, mumuulize saa za kumeza. Mwenye kisukari abebe kitu cha sukari mfukoni, wala si ndani ya begi lililofungwa kwa kamba.

Tairi ni mpya, muuzaji ameniapia. Nahitaji kukagua nini?

Soma ubavuni mwake namba nne zilizo ndani ya kiduara. 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na wapo wauzaji wanaoipaka tairi rangi nyeusi ing'ae. Ikiwa na miaka mingi au nyufa, mrudishie. Ya nyuma inahitaji upepo zaidi mkiwa wawili. Kipimo kiko kwenye kitabu. Na cheni msiimwagie oili chafu ya injini. Ina vumbi la chuma ndani yake, nanyi mnaipaka mahali panaposagika.

Dar hadi Mbeya tunaweza kwenda kwa siku mbili?

Ni takriban kilomita 830. Mabasi yanaimaliza kwa siku moja, na hicho ndicho kinachowadanganya. Kwenu pangeni siku nne au tano: Morogoro, Mikumi mjini au Iringa, Makambako, Mbeya. Saa kumi jioni muwe mmeshafika mahali pa kulala. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, na giza linaingia haraka.

Hifadhi ya Mikumi, ambapo barabara inakatisha kwa kilomita 50 hivi, mpite mchana tu. Tembo akiwa karibu na lami, simameni mbali injini ikiwaka, mgeuze, msubiri nyuma ya basi au lori. Picha za simu zipigwe na wenye magari.

Nina leseni ya gari, daraja D. Inatosha?

Haitoshi. Pikipiki ni daraja A au A1, kulingana na ukubwa wa injini. Na bima ndogo hailipi pikipiki yenu wala mguu wa dereva, kwa hiyo kadi za bima ya afya ziwe hai.

Mke wangu anataka tupokezane kuendesha. Inafaa?

Inafaa sana. Naye apate mafunzo na leseni yake. Mzee ukikaa nyuma, rudia jibu la akina mama hapo juu na ulifuate lote, pamoja na kugonga bega.