Tanga na tanga: Herufi Kubwa katika Kabrasha la Pamoja

Watafiti wanaochangia kabrasha moja kwa kompyuta zenye mifumo endeshi tofauti hukabiliwa na tatizo ambalo kimsingi ni la kiothografia. Programu ya Samba, iliyotolewa na Andrew Tridgell nchini Australia mnamo 1992, huiwezesha seva ya Linux kutumia itifaki ya SMB, ambayo ndiyo ya Windows. Tuchukue faili mbili za data ya kamusi: Tanga (mji) na tanga (la chombo). Linux huyahesabu majina hayo kuwa mawili. Kwa Windows, kwa kawaida, T na t ni alografu tu. Hivyo anayenakili kabrasha hilo kwenye diski yake na kukubali faili iliyotangulia ifutwe, hupoteza kidahizo kizima. Kwa maoni yetu, yafaa kuandika tanga_mji na tanga_chombo tangu mwanzo.